Ramani Nyuma ya Jalada

Riwaya ya upelelezi ni sanaa ya mahali kabla haijawa sanaa ya mtu. Msomaji hawezi kumshuku mtu yeyote kwa haki mpaka ajue mlango ulikuwa wapi, dirisha lilielekea upande gani, na muuaji alihitaji muda gani kutoka gatini hadi nyumbani kwa marehemu. Kwa hiyo jalada la riwaya ya namna hii, ambalo ndilo shahidi wa kwanza kusimama mbele ya msomaji, lina wajibu ambao majalada ya riwaya za mapenzi hayana, nao ni kumwambia msomaji kwamba jambo limetokea, na kwamba limetokea hapa. Nimeyatazama majalada hayo kwa muda mrefu, ya kwetu na ya nchi za mbali, katika meza za vitabu vikuukuu mjini Kisumu na katika makabati ya rafiki zangu hapa Asembo Bay, na fikira niliyoifikia, ambayo nataka kuiweka mbele ya wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, ni kwamba nchi nyingi zimeutimiza wajibu huu nusunusu, nyingine zimeukana kabisa, na sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao tungeweza kuutimiza kwa gharama ndogo kuliko wote, bado tunasitasita.

Nianze na Ulaya, ambako rangi ilitangulia picha. Mjini Paris, mwaka 1927, ulianzishwa mfululizo wa vitabu ulioitwa Le Masque, majalada yake ya manjano, alama yake barakoa na kalamu ya unyoya, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa tafsiri ya riwaya ya Agatha Christie juu ya kuuawa kwa Roger Ackroyd. Miaka miwili baadaye kampuni ya Mondadori ya Milano nayo ikavika riwaya zake za upelelezi manjano, na Waitalia wakaizoea hata rangi yenyewe ikawa ndilo jina la riwaya zote za jinsi hiyo. Allen Lane alipoanzisha vitabu vya Penguin huko Uingereza mwaka 1935, alizipa riwaya za kawaida rangi ya chungwa, wasifu wa watu akaupa buluu, na uhalifu akaupa kijani. Abiria mwenye haraka ya garimoshi akajua pa kunyosha mkono bila ya kusoma hata neno moja. Mwaka 1961 kazi ya kuyatengeneza upya majalada hayo ya kijani ilimwangukia Romek Marber, mzaliwa wa Polandi aliyenusurika katika mauaji ya Wayahudi na kuhamia Uingereza baada ya vita, naye akaugawa uso wa kitabu kwa mistari myembamba, juu akaweka jina la kitabu na la mwandishi, chini akaiachia picha nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo akacheza na giza na mwanga kwa ustadi ambao, kwa insafu, sijaona majalada ya kuushinda. Walakini rangi, hata iwe nzuri vipi, hutaja jamii ya kitabu na kukinyamazia kitabu chenyewe. Humwambia msomaji kwamba kuna maiti, ikamwacha asijue maiti imelala mtaa gani.

Namna nchi zinavyoweza kutofautiana katika kukivika kitabu kimoja ilinidhihirikia zaidi kwa James Hadley Chase, mwandishi ambaye ni nadra kuikuta meza ya vitabu vikuukuu katika Kenya au Tanzania isiyokuwa naye. Chase alikuwa Mwingereza, jina lake la haki René Raymond, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1939, aliiweka Marekani, nchi aliyoijua kwa kusoma ramani na kamusi za lugha ya mitaani kuliko kwa miguu yake. Vita vilipokwisha, Marcel Duhamel alianzisha katika nyumba ya Gallimard, Paris, mwaka 1945, mfululizo wa Série noire, na Chase akawa miongoni mwa waandishi wake wa mwanzo kabisa. Wafaransa walimvika jalada jeusi lenye maandishi ya manjano, bila ya picha, kwa heshima ile ile ambayo wangempa mwanafalsafa. Waingereza wa miaka ya 1970, katika matoleo ya Corgi, wakamvika picha za wanawake waliovaa nguo kidogo au wasiovaa, na ndiyo matoleo yaliyofika kwetu kwa wingi, yakawafanya vijana wa shule kukifunga kitabu kwa gazeti kabla ya kukitoa mkobani, kwani baba angeliona jalada angelihukumu maudhui, na hukumu yake ingekuwa ya dhuluma, maana mambo ya ndani aghalabu yalikuwa wizi wa benki na hesabu ya dakika. Maneno yalikuwa yale yale. Mfaransa alipewa weusi, sisi tukapewa kiwiliwili cha mwanamke asiyekuwa hata na sehemu kubwa katika kisa. La kusikitisha zaidi ni kwamba mwandishi mwenyewe aliihitaji ramani ili aandike, na katika nchi zote mbili hapana aliyefikiri kwamba msomaji naye angeihitaji.

Huko Argentina, Jorge Luis Borges na Adolfo Bioy Casares, waliosimamia kuanzia mwaka 1945 mfululizo wa riwaya za upelelezi wa nyumba ya Emecé, walikabidhi majalada yao kwa José Bonomi, naye akayachora kwa maumbo ya kijiometria, kana kwamba kila kitabu ni tatizo la hisabati. Ni majalada ya akili, nami nayastahi, ingawa nayo hayamwambii msomaji jambo limetokea wapi.

Lakini waliofanya jambo ninalolitaka ni Wamarekani, na si Wamarekani wa nyumba kubwa za uchapishaji zenye adhama, bali wa vitabu vya bei nafuu vilivyouzwa kwa senti 25 katika maduka ya dawa na vituo vya magari. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, kampuni ya Dell ya New York ilianza kuchapa nyuma ya riwaya zake, na hasa zile za upelelezi, ramani ya rangi inayoonyesha mahali pa tukio. Mbele palikuwa na picha ya kutisha, na alama ya kampuni, ambayo ni jicho linalochungulia katika tundu la ufunguo. Ndani, kabla ya sura ya kwanza, palikuwa na orodha ya watu wa kisa. Lakini ukikigeuza kitabu uliiona nyumba nzima imevuliwa paa, vyumba na ngazi vikiwa wazi, au kisiwa na bandari yake, au kijiji na njia zake, na pale maiti ilipookotwa pakatiwa alama. Nyingi katika ramani hizo zilichorwa na mwanamke mmoja wa Chicago, Ruth Belew, na kazi hiyo ilidai riwaya isomwe kama mpelelezi anavyousoma ushahidi, kwa kupima kila sentensi ya mwandishi iliyotaja kushoto au kulia, mashariki au magharibi, ili mistari ya ramani isimkadhibishe mwandishi wala kumfichulia msomaji siri kabla ya wakati. Hiyo ndiyo jamala kubwa kuliko zote ambayo jalada linaweza kumfanyia msomaji: kumkabidhi vyombo vya kazi, na kumwamini kwamba atavitumia. Msomaji aliyefika ukurasa wa mia na kusikia shahidi akisema kwamba alimwona mshitakiwa kutoka barazani aliweza kukigeuza kitabu, akaiangalia baraza, akaona kwamba mti au ukuta umezuia, na akajua, kabla ya mpelelezi wa kitabuni, kwamba shahidi amesema uongo. Desturi hiyo iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nyuma ya vitabu pakarudi sifa za mwandishi na maneno ya kumshawishi mnunuzi, kama yalivyo katika nchi zote hadi leo. Nadhani hapana hasara katika historia ya vitabu vya bei nafuu iliyopita kimya kama hiyo.

Nikigeukia kwetu, naona jambo ambalo linanipa matumaini makubwa. Riwaya ya upelelezi katika Kiswahili ilizaliwa ikiwa na mahali pake mkononi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda katika shindano la hadithi la mwaka 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika lililoundwa Nairobi mwaka 1948, aliita kitabu chake *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa mwaka 1960, na mzimu huo si sitiari, bali ni mahali penyewe ambapo maiti inaonekana. Alipomrudisha mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mwaka 1968, jina la kitabu lilikuwa *Kisima cha Giningi*, mahali tena. Faraji Katalambulla, katika *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965, alichagua chombo badala ya mahali, na Elvis Musiba, alipomtoa mhusika wake Willy Gamba kwa mara ya kwanza mwaka 1974, alichagua hali ya hatari; lakini Ben Mtobwa, ambaye aliwafanya vijana wengi kupenda kusoma kuliko walimu wengi walivyoweza, hakuona haya kuuandika mji waziwazi juu ya kitabu, akakiita *Dar es Salaam Usiku*. Waandishi wetu, basi, wameshaitimiza sehemu yao. Wametaja mahali kwa herufi kubwa kuliko herufi za majina yao.

Je, wachoraji waliwafuata? Katika nakala nilizopata kuzishika, na nyingi zilikuwa zimechakaa kwa kupita mikononi mwa watu, niliona picha za mkono zenye rangi mbili tatu: uso wenye hofu, bastola, kivuli cha mtu mwenye kofia, mwanamke anayepiga ukelele. Zina nguvu, na mkono uliozichora ulijua mwili wa binadamu. Ila bastola ni bastola popote duniani, na kivuli hakina uraia. Siku moja mjini Kisumu kijana alikiinua kitabu cha namna hiyo mezani, akamwuliza muuzaji, "Mzee, hiki ni cha wapi?", na yule mzee, aliyeuza vitabu maisha yake, hakuwa na la kumwonyesha juu ya jalada, ilimbidi akifungue, asogeze miwani, na kuusoma ukurasa wa kwanza mpaka akutane na jina la mji. Jina la mchoraji nalo, katika nakala nyingi, halimo nje wala ndani. Tumemdhulumu mtu ambaye ndiye aliyekiuza kitabu.

Na pale tulipokosa kujivika wenyewe, wengine wametuvika. Mwaka 2014, katika jarida la Africa Is a Country, yalionyeshwa majalada, yaliyokusanywa na Simon Stevens, ya vitabu vya waandishi na nchi mbalimbali za bara hili, vilivyochapishwa ng'ambo, na kila kimoja kilikuwa na mti mmoja wa mgunga, aghalabu mbele ya jua linalozama katika mbingu ya rangi ya chungwa. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika, ila mimi nawaongezea hoja ya upelelezi: mgunga huo, ukiwekwa juu ya riwaya ya mauaji, huua kisa kabla hakijaanza, kwa kuwa mbugani hapana mlango wa kufungwa, hapana jirani aliyesikia, hapana ngazi wala karani wa benki wala mlinzi aliyelala. Wala tusidhani kwamba ni Afrika peke yake inayofanyiwa hivi. Nchi za kaskazini ya Ulaya, ambazo riwaya zake za uhalifu zimeenea ulimwenguni katika miaka hii, zikifika katika lugha ya Kiingereza huvikwa theluji, nyumba moja pweke, na nyayo zinazokwenda msituni, hata kama mauaji yalifanyika katika ofisi ya gazeti katikati ya jiji. Ndiyo sababu jalada la Peter Mendelsund kwa toleo la Knopf la riwaya ya Stieg Larsson, New York, 2008, ambalo ni la manjano yenye kung'aa na joka lililojipinda, lilionekana kuwa la ushujaa. Kwao baridi, kwetu jua: soko la ng'ambo huipunguza nchi mpaka ibaki hali ya hewa tu.

Richard Crompton alipoandika riwaya juu ya mpelelezi Mmaasai anayefanya kazi Nairobi katika siku za uchaguzi wa Desemba 2007, kitabu hicho kilitoka mwaka 2013 kwa jina la *The Honey Guide* Uingereza na *Hour of the Red God* Marekani. Ndege katika nchi moja, mungu katika nyingine, na Nairobi, ambayo ndiyo jukwaa la kisa, haikutajwa katika lolote kati ya majina hayo mawili. Nikilinganisha na Mũkoma wa Ngũgĩ, ambaye mwaka 2009 aliita riwaya yake *Nairobi Heat*, naona tofauti kati ya mtu anayekaribishwa mjini na mtu anayeuita mji kwa jina lake.

Sasa niiweke hoja yangu juu ya ardhi ninayoikanyaga. Ufuo huu wa ziwa haukukosa waandishi: Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, na Margaret Ogola, aliyeandika *The River and the Source*, naye ni binti wa Asembo. Hawakuandika upelelezi, lakini walithibitisha kwamba nchi hii inaweza kubeba kitabu. Mwandishi wa upelelezi atakayekuja, naye sharti aje, ataikuta ghuba ambayo Mungu ameiumba kwa ajili ya kazi yake. Upande wa mashariki iko Kisumu, mji uliozaliwa na reli iliyofika ziwani mwaka 1901, na gati lake, na soko la Kibuye ambamo mtu anaweza kupotea mchana kweupe; kisha Dunga na wavuvi wake; kisha ukifuata ufuo wa kaskazini unafika Asembo Bay, na mbele zaidi Luanda Kotieno, ambako kivuko huvusha watu na magari hadi Mbita, penye njia ya kwenda Rusinga. Usiku wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji, na mtu aliyesimama pwani huona mji mzima wa taa usiokuwapo asubuhi. Fikiri shahidi anayeapa kwamba aliiona taa ya mashua ya marehemu ikiwa mahali pamoja usiku kucha!

Tena kuna magugu maji. Yamekuwa nasi katika ghuba hii tangu miaka ya 1990, na kila mkaazi wa pwani anajua tabia yake, kwamba hayakai, bali hutembea kwa upepo, yakaufunga ufuo leo hata mashua isiweze kutia nanga wala kutoka, na kesho yakawa yamehamia kwa jirani. Upepo nao una saa zake, mchana hutoka ziwani kuja bara, usiku hutoka bara kwenda ziwani, na mvuvi huondoka nao na kurudi nao. Mwandishi akiyajua haya, ana ithibati nzuri kuliko alama za vidole: mshitakiwa adai kwamba hakuweza kutoka na mashua usiku ule kwa kuwa magugu yaliziba, na mpelelezi, ambaye pengine ni bibi mwuza samaki mwenye kumbukumbu, aulize upepo ulivuma kutoka wapi. Lakini kisa kama hiki kikipelekwa kwa msomaji wa Mtwara au Bukavu bila ya ramani, nusu ya utamu wake itapotea. Na kikivikwa picha ya jua linalozama juu ya maji, kama ninavyochelea kwamba kitavikwa, utapotea wote.

Najua watakaosema kwamba kuandika jina la mahali pa kweli juu ya kitabu cha mauaji ni kukitia kijiji fedheha, na wazee wa ufuo watauliza kwa nini kwao pamefanywa machinjioni. Hofu hiyo naiheshimu, kwani jina la kijiji ni mali ya watu wake. Ila Unguja haikupungukiwa heshima kwa Bwana Msa, wala London kwa wapelelezi wake wote. Kinyume chake, msomaji hupapenda mahali alipowahi kuogopea akiwa kitini. Wengine watasema kwamba jalada ni la kuuzia kitabu na si la kufundishia, nami nawajibu kwa Dell, ambayo haikuwa madrasa wala taasisi ya hisani, bali biashara iliyohesabu senti, ikaona kwamba ramani inauza.

Hoja ya gharama ndiyo dhaifu kuliko zote. Ramani ya wino mmoja ni rahisi kuichapa kuliko picha ya rangi nne, wala haihitaji kununuliwa kutoka katika ghala la picha la ng'ambo. Wachoraji tunao. Mashua za ziwa hili zina majina na nakshi zilizoandikwa kwa mikono isiyotetemeka, magari ya abiria ya Kisumu yana sura za watu zinazokaribia kusema, na vibao vya vinyozi na vya wauza dawa vinaonyesha kwamba mtu anaweza kuchora jambo likaeleweka kutoka ng'ambo ya barabara. Mchapishaji amwite mmoja wao, ampe muswada asome wote, si ukurasa mmoja wa muhtasari, ampe na nauli ya kwenda kupaona mahali penyewe akiwa na mwandishi, ili apime hatua kutoka gatini hadi dukani na aone dirisha linaelekea wapi. Amlipe ujira wake mchoro unapokabidhiwa, asimngojeshe mpaka kitabu kiuzwe. Na jina la mchoraji lichapwe juu ya jalada lile lile, kwa herufi zinazosomeka, karibu na kipimo cha ramani na mshale wa kaskazini.